Goma: Kaseti za video za zamani bado zinaweza kuonekana vizuri, lakini usizitie katika mashini yoyote ile

Katika kabati za nyumba nyingi za Goma, Bukavu, Uvira na Kisangani kuna mfuko wa plastiki ambao hakuna anayeufungua. Ndani mna kaseti za video: harusi ya baba na mama ya mwaka wa 1989, batizo ya mtoto ambaye leo ni mwalimu, kolasio ya digrii ya mjomba, matanga ya babu. Lekteri iliyozisoma iliharibika zamani, kamera iliuzwa ao iliibwa, na televisheni mpya iliyo saloni haina hata tundu la waya wa manjano. Kaseti ndizo zimebaki.

Kwa familia nyingi za mashariki mwa Congo, kaseti hizo ndizo picha pekee zilizopona. Tarehe 17 mwezi wa kwanza mwaka wa 2002, lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji wa Goma hadi ziwani, ikala nyumba pamoja na albamu zilizokuwa ndani. Tarehe 22 mwezi wa tano mwaka wa 2021 mlima ulilipuka tena, na nyumba za upande wa Buhene zikafunikwa. Mwezi wa nne mwaka wa 2020, mafuriko ya Uvira yaliingia hadi vyumbani. Katikati ya hayo yote kuna vita, na mtu anayekimbia vita habebi albamu. Anabeba watoto, godoro, vitambulisho na diploma. Ndiyo maana kaseti aliyoazima shangazi wa Bujumbura na ambayo hakuirudisha kwa miaka ishirini inaweza leo kuwa mali ya ukoo mzima.

Swali ambalo wenye kaseti wanawauliza mafundi wa Birere ao wa Kadutu ni moja: bado inaweza kuonekana? Mara nyingi jibu ni ndiyo. Tena inaweza kuonekana vizuri kuliko wenyewe wanavyokumbuka, kwa sababu walizoea kuona harusi yao kupitia lekteri iliyochoka, waya wa bei ya chini na televisheni yenye chenga. Ubaya mwingi waliouona haukuwa ndani ya kaseti. Ulikuwa njiani, kati ya utepe na macho yao.

Lakini kaseti iliyokaa salama miaka 30 inaweza pia kukatwa ndani ya dakika moja na mashini mbovu. Kazi yote ya kupata picha nzuri inaanza kabla ya kubonyeza "play".

Wakati nao unakwisha. Kampuni ya Kijapani Funai, ya mwisho ulimwenguni kutengeneza lekteri za VHS, ilisimamisha kazi hiyo mwezi wa saba mwaka wa 2016, kwa sababu vipuri vilikuwa vimekuwa shida kupatikana. Mwaka wa 2019, UNESCO pamoja na IASA, chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na picha, walianza kutoa tahadhari: watunzaji wengi wa hifadhi waliona kwamba karibu na mwaka wa 2025 kazi ya kusoma kanda za sumaku ingefikia mwisho wake. Hawakusema kwamba kanda zote zingekuwa zimekufa. Walisema kwamba mashini, vipuri na watu wanaojua kuzitengeneza watakuwa wamekwisha. Kwa bahati, fundi wa huku kwetu hatupi kitu, na nyuma ya meza yake bado unaweza kukuta lekteri tatu zilizofunguliwa ambazo pamoja zinatoa moja nzima.

Una kaseti gani?

Kaseti yenye ukubwa wa kitabu ni VHS, na utepe wake una upana wa milimita 12.7. Ile fupi na nene inayotoshea kiganjani ni VHS-C. Ndani yake mna utepe uleule wa VHS, ila mfupi. Ile inayokaribia ukubwa wa kaseti ya muziki ni ya milimita 8, na juu yake imeandikwa Video8, Hi8 ao Digital8. Ile ndogo kabisa, inayozidi kiberiti kidogo tu, ni MiniDV, iliyoingia sokoni mwaka wa 1995.

Hapa ndipo watu wanapoteza pesa. VHS-C ina adapta: unaiweka kaseti ndogo ndani ya ganda la kaseti kubwa, na lekteri ya kawaida ya VHS inaisoma. Kaseti ya milimita 8 haina adapta ya namna hiyo, na haijawahi kuwa nayo. Utepe wake ni mwembamba kuliko wa VHS na umeandikwa kwa namna nyingine kabisa. Mtu anayekuuzia adapta ya Hi8 ya kuingia katika lekteri ya VHS anakudanganya, hata akiapa kwa jina la mama yake. Kaseti hiyo inahitaji kamera ya milimita 8 iliyo nzima, ao lekteri ya milimita 8.

Ukipata nafasi ya kuchagua kwa ajili ya kaseti za milimita 8, tafuta kamera ya Sony ya aina ya Digital8, iliyoanza kutoka mwaka wa 1999. Nyingi kati ya hizo, ingawa si zote, zinasoma pia Video8 na Hi8 za zamani na kuzitoa moja kwa moja kwa namna ya dijitali. Kabla ya kulipa, tia kaseti ya Hi8 isiyo na thamani na uone kama picha inatoka.

Picha bila rangi si lazima iwe imekufa

Tangu wakati wa Zaire, televisheni ya taifa ilitumia mfumo wa rangi wa Ufaransa unaoitwa SECAM. Lakini kamera nyingi zilifika kwetu kupitia Dubai, Kampala na Nairobi, na huko mfumo ni PAL. Kisha jamaa waliofika Marekani ao Canada wakaanza kutuma kaseti za NTSC. Ndani ya mfuko mmoja wa familia unaweza kukuta mifumo yote mitatu, na hakuna aliyeandika juu ya ganda ni upi.

PAL na SECAM zote zina mistari 625 na picha 25 kwa sekunde. Kwa hiyo kaseti ya SECAM ndani ya lekteri ya PAL inacheza vizuri, haitetemeki, ila picha inatoka nyeupe na nyeusi. Watu wamekwisha kutupa kaseti za namna hiyo wakidhani rangi imekwisha kwa uzee. Rangi ipo, ni mashini isiyojua kuisoma. NTSC ni jambo lingine: ina mistari 525 na picha karibu 30 kwa sekunde, na katika lekteri isiyoijua picha inapanda na kushuka ao inavurugika kabisa. Dawa ya shida zote hizo ni lekteri ya mifumo mingi, ile iliyoandikwa PAL, SECAM na NTSC usoni ao mgongoni. Ziliuzwa nyingi katika nchi za Ghuba, na ndizo za kutafuta sokoni kabla ya zile nzuri za Ulaya zinazojua mfumo mmoja tu.

Na neno moja kwa anayetumiwa lekteri kutoka Marekani: angalia mgongoni kabla ya kuichomeka. Ikiwa imeandikwa 120V peke yake, umeme wetu wa volti 220 utaiunguza kabla hujaona picha ya kwanza. Inahitaji transfoma ya kushusha volti.

Mashini kwanza, kaseti baadaye

Picha ya kaseti inasomwa na vichwa vidogo vilivyo juu ya ngoma ya chuma inayozunguka. Katika VHS ya PAL ao SECAM, ngoma hiyo inazunguka mara 1,500 kwa dakika moja, yaani mara 25 kwa sekunde. Katika MiniDV inafika mara 9,000 kwa dakika. Utepe unapita umeigusa. Punje moja ya vumbi kwenye kichwa inatosha kujaza picha chenga, na vumbi la Goma, lile jeusi linalotoka kwenye mawe ya lava, linakwangua kama msasa. Lekteri iliyokaa miaka kumi juu ya kabati bila kufunikwa haiko tayari kwa kazi, hata kama taa yake inawaka.

Kusafisha vichwa si kazi ngumu, lakini inataka mkono mwepesi. Chomoa waya wa umeme, fungua kifuniko, chukua kipande cha karatasi nyeupe safi ya kuandikia ao ngozi laini isiyotoa nyuzi, ukilowanishe kwa alkoli ya isopropili ya asilimia 90 na zaidi. Kishike bila kukisogeza kwenye ubavu wa ngoma, kisha izungushe ngoma polepole kwa kidole cha mkono wa pili ukiwa umeigusa juu yake. Mwendo uwe wa kuzunguka tu. Ukipandisha na kushusha, unavunja kichwa, na kichwa kikivunjika hakuna fundi atakayekirudisha. Pamba ya masikio usiitumie kwenye ngoma, kwa sababu nyuzi zake zinanasa. Alkoli ya asilimia 70 inayouzwa kwa ajili ya vidonda ina maji mengi. Na kanyanga, hata ile kali ya kijijini, si dawa ya lekteri: inaacha maji mahali ambapo hapafai kubaki kitu chochote. Ukimaliza, acha mashini wazi hadi ikauke kabisa.

Safisha vilevile nguzo ndogo ambazo utepe unapita, pamoja na kichwa kisichozunguka kilicho pembeni. Hicho cha pembeni ndicho kinachosoma sauti katika lekteri nyingi za VHS. Watu wanashughulika na picha na kukisahau, halafu wanalalamika kwamba sauti ya mchungaji inatoka kana kwamba anasemea ndani ya mtungi. Kwa maoni ya mwandishi wa habari hii, sauti ndiyo inayostahili kulindwa kwanza. Uso wa bibi unaweza kuupata katika picha ya kadi ya uchaguzi. Wimbo aliomwimbia bibi arusi siku ya dot hauko mahali pengine popote.

Angalia pia mipira. Mikanda ya mpira inayovuta mashini inageuka gundi kwa uzee, na gurudumu la mpira linalokamata utepe linakuwa gumu na kung'aa. Mashini yenye gurudumu la namna hiyo inakunja utepe kando. Katika VHS, kando moja ya utepe ina njia ya sauti, na kando nyingine ina alama zinazoongoza mwendo. Kando ikikunjwa, sauti inakatikakatika ao picha inaruka, na mkunjo huo hautoki tena.

Kisha fanya jaribio. Usitie harusi. Tia filamu ya karate iliyobaki tangu enzi za nyumba za video, iache icheze dakika 30, ipeleke mbele, irudishe, itoe na uangalie utepe wake kwenye mwanga. Ikiwa una mistari mirefu, kando zilizokunjika ao unga, mashini hiyo bado haijapona. Ikiwa utepe ni laini kama ulivyoingia, sasa tunaweza kuzungumza juu ya harusi.

Kaseti yenyewe

Tazama ndani ya dirisha la kaseti ukitumia tochi ya simu. Utepe ulio mzima ni mweusi ao kahawia, na umelala sawasawa. Ukiona unga mweupe ao nyuzi nyeupe kama utando wa buibui kwenye ubavu wa utepe, hiyo ni kuvu. Bukavu na Kisangani, ambako hewa ina maji mengi, jambo hilo ni la kawaida, na kaseti zilizoloana wakati wa mafuriko zina hatari hiyo zaidi. Kaseti yenye kuvu isiingie katika mashini kabisa. Kuvu itabaki kwenye vichwa na kuhamia katika kaseti zote zitakazofuata. Itenge na nyingine, iache mahali pakavu penye hewa, mbali na jua, na umpe fundi anayejua kuifungua na kuisafisha kwa mkono. Kazi hiyo ifanyike nje ya chumba cha watoto, na anayeifanya afunike pua, kwa sababu vumbi la kuvu linaingia kifuani.

Kaseti isiyo na kuvu, lakini ambayo haijaguswa kwa miaka mingi, inahitaji kupelekwa mbele hadi mwisho na kurudishwa hadi mwanzo mara moja, ili utepe ulioshikana ulegee na ujifunge upya sawasawa. Ikiwa ilikuwa mahali pa baridi, iache siku nzima katika chumba ambamo itachezwa. Ukisikia mashini inalia ao kuona mwendo unapungua, simamisha mara moja. Utepe uliolia unang'ang'ania vichwa, na kuulazimisha ni kuukwangua.

Kabla ya yote hayo, funga mlango wa kurekodi. Katika VHS ni kuvunja kijimeno cha plastiki kilicho mgongoni mwa kaseti. Katika milimita 8 na MiniDV ni kusogeza kidude kidogo. Kidole kimoja cha mtoto kwenye kitufe chekundu kimekwisha kufuta zaidi ya harusi moja.

Siku ya kuicheza

Anza na kamera ileile iliyorekodi, kama bado ipo na inafanya kazi. Kila mashini ina mpangilio wake, na utepe unasomwa vizuri zaidi pale ulipoandikwa. Jambo hilo ni la lazima zaidi kwa kaseti zilizorekodiwa kwa mwendo wa polepole wa LP, ambao wapiga video waliupenda kwa sababu kaseti moja ilitosha harusi nzima, kuanzia kwenye komine hadi kukata keki. Katika LP njia za picha ni nyembamba sana, na mashini ya jirani mara nyingi inashindwa kuzifuata.

Kama chenga zinajaa sehemu ya picha katika VHS, rekebisha trakingi kwa mkono, polepole, hadi chenga zishuke na kutoka chini ya picha. Mstari mwembamba unaocheza chini kabisa uuache. Ni mahali ambapo vichwa vinapokezana, na televisheni za zamani zilikuwa zinauficha nyuma ya fremu. Kama lekteri ina kitufe cha kuongeza ukali wa picha, kiweke katikati ao chini. Ukali huo hauongezi kitu kilichokuwa hakipo; unachora mistari myeupe kuzunguka vichwa vya watu.

Hata kwenye televisheni ya kisasa ni hivyo hivyo. Zima mtindo wa picha kali, punguza ukali, na weka umbo la 4:3. Kaseti ilirekodiwa kwa umbo la karibu mraba. Ikivutwa kujaza kioo kipana, bibi arusi mwembamba wa mwaka wa 1992 anaongezeka kilo ishirini, na wageni wanacheka mahali pasipo na kicheko. Aliye na televisheni ya zamani yenye mgongo mkubwa asiitupe: kwa kutazama tu, bila kunakili, bado ndiyo inayopatana zaidi na kaseti.

VHS ina uwezo wa mistari karibu 240 tu ya upana, Hi8 karibu 400. Hakuna programu, hata zile za akili bandia zinazotangazwa siku hizi, inayoweza kurudisha kilichokuwa hakikuandikwa. Baadhi yazo zinachora uso mpya mahali pa uso hafifu. Uso unapendeza, lakini si wa mtu aliyekuwa pale.

Waya, ordinateri na umeme

Waya wa manjano unabeba mwanga na rangi vikiwa vimechanganywa. Waya wa S-Video, ule wa mviringo wenye sindano nne, unavitenganisha, na kwa Hi8 tofauti inaonekana wazi: kando za vitu hazichezi tena na rangi haimwagiki nje ya nguo. Ikiwa kamera ina tundu hilo, litumie. Sauti inapita kwenye waya wake mwekundu na mweupe.

Baadhi ya kamera za Hi8 na lekteri nzuri za S-VHS zina ndani yake kifaa ambacho mafundi wanakiita TBC. Kazi yake ni kunyoosha mistari ya picha ambayo utepe mzee unaitoa kwa wakati usio sawa. Bila hicho, mlango ulionyooka unaonekana umepinda juu, na ordinateri inaweza kuruka picha hadi midomo na sauti viachane. Kama kifaa hicho kipo katika menyu, kiwashe. Kama hakipo, kuna rekoda za DVD ambazo zikipitishwa katikati, kati ya lekteri na ordinateri, zinatuliza picha kwa sehemu.

Kwa MiniDV na Digital8, usipite kwenye waya wa manjano hata kidogo. Ndani ya utepe mna namba tayari. Zitoe kwa waya wa FireWire, na unachopata ni nakala ileile bila kupungua. Ordinateri mpya hazina tundu hilo. Laptopu ya zamani ya mwaka wa 2008 iliyolala dukani kwa fundi inaweza kukufaa kuliko mpya ya jamaa yako. Saa moja ya DV inachukua gigabaiti 13 hivi, kwa hiyo fikiria disiki ngumu, si filashi ya sokoni.

Kwa VHS na Hi8 kuna vifaa vidogo vya USB vya kunakili. Vile vya bei ya chini kabisa vinapoteza picha njiani, na hutajua hadi dakika ya arobaini, wakati spika anaongea na mdomo wake umefungwa. Jaribu kwa kaseti ya karate. Nakili kwa ukubwa wa 720 kwa 576 kwa PAL na SECAM, ao 720 kwa 480 kwa NTSC. Usilazimishe ukubwa wa kisasa.

Ukifungua faili kwenye ordinateri na kuona kando za mtu anayetembea zina meno kama ya kichanuo, usiogope. Kaseti iliandika picha nusunusu: mistari ya witiri kwanza, ya shufwa baadaye, mara 50 kwa sekunde. Faili ya kutunza iache hivyohivyo. Kwa ajili ya kutazama, VLC inaweza kuyaondoa meno hayo yenyewe, na HandBrake, ambayo nayo ni ya bure, inatengeneza nakala safi ya MP4.

Sasa umeme, ambao huku kwetu ni nusu ya kazi. Umeme ukikatika wakati utepe umezungushwa kwenye ngoma, kaseti inabaki imefungwa ndani. Usiivute. Ngoja umeme urudi, mashini itauachilia utepe yenyewe. Afadhali zaidi, lekteri iwe kwenye onduleri yenye betri nzuri, na kamera iwe kwenye betri yake ao kwenye sola. Laptopu nayo ianze ikiwa imejaa. Jenereta ndogo ni ya mwisho kabisa: mwendo wake unapanda na kushuka, na mara nyingine unauona kwenye picha kama mistari inayotembea. Usiku wa manane, wakati volti zimetulia na majirani wamezima pasi, ndiyo saa ya kazi kwa wenye kujua.

Mara ya kwanza kaseti ya zamani inapochezwa, iwe tayari inanakiliwa. Familia inataka kukusanyika kwanza, kuitazama, kurudisha nyuma mahali ambapo baba anacheza rumba, kusimamisha kwenye uso wa marehemu. Kusimamisha ndiko kubaya kuliko vyote: ngoma inaendelea kuzunguka na kusugua mahali palepale pa utepe. Nakili kwanza moja kwa moja kuanzia mwanzo hadi mwisho, hata kama picha si nzuri sana. Kisha, ukitaka, rekebisha na urudie sehemu zilizotoka vibaya.

Faili ikipatikana, itoke ndani ya nyumba siku ileile. Nakala moja kwenye disiki, ya pili kwa ndugu aliye mji mwingine, ya tatu kwa jamaa aliye nje ya nchi. Ukiituma kwa WhatsApp kama video ya kawaida, inabanwa na kuharibika. Itume kama dokima, ao kwenye hifadhi ya intaneti, ao umpe msafiri disiki. Kaseti yenyewe usiitupe. Irudishe hadi mwanzo, isimamishe wima ndani ya ganda lake, mbali na spika, jua na sakafu.

Kabla ya kuwaita watu wote, mkalishe mzee mbele ya nakala na simu inayorekodi sauti karibu naye. Mwache ataje majina, dakika kwa dakika: huyu ni nani, alikuwa mtoto wa nani, yule wa kofia alitoka Masisi ao Walikale, yule mama aliyebeba jungu alikuwa jirani wa parseli ipi. Andika dakika na jina. Faili uiite kwa mwaka, mji na tukio, kwa mfano "1991 Goma harusi", si "video mpya 3".